Jedwali Zima la Intaneti Linakuja Kufanya Nini Ofisini Kwenu?

Ofisi ikishapata laini ya pili ya intaneti, kikao cha TEHAMA hakichelewi kufika kwenye swali lilelile: ruta tuliyonayo itabeba jedwali zima la njia za dunia, yaani orodha ya kila kundi la anwani za intaneti na pa kupitia kulifikia? Mtu wa mauzo ana jibu mfukoni. Haitabeba, na yeye anayo itakayobeba. Proforma inatumwa, mhasibu anaguna, mkurugenzi anauliza kama hakuna ya bei nafuu, mwisho fedha zinatoka. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeuliza jedwali zima linakuja kufanya nini pale ofisini.

Msimamo wangu ni kwamba benki, chuo, hospitali au taasisi ya serikali yenye watoa huduma wawili, na isiyouzia wengine intaneti, kwa kawaida haina kazi na jedwali hilo. Ukomo wa kumbukumbu unaoiogopesha ni tatizo iliyojiletea kwa kuomba kitu isichokitumia. Wapo wanaolihitaji kweli, nitawafikia. Ila hata wao hujikuta wamenunua kumbukumbu ambayo siyo ile inayojaa, kwa hiyo tuanzie ndani ya boksi.

Ruta inayozungumza BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kutangaziana njia, ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni RAM ya kawaida, kama ile iliyo kwenye kompyuta mpakato. Humo BGP inahifadhi kila ilichosikia kutoka kwa kila jirani: njia ya kwenda mahali fulani kama ilivyotangazwa na mtoa huduma wa kwanza, njia ya kwenda mahali hapohapo kama ilivyotangazwa na wa pili, na orodha ya mitandao inayopitiwa katika kila moja. Kisha inachagua iliyo bora, na hiyo iliyochaguliwa inateremshwa kwenye kumbukumbu ya pili, iliyo karibu na chipu zinazosukuma pakiti. Kwenye ruta na swichi nyingi za kampuni kumbukumbu hiyo ya pili ni TCAM. Sifa ya TCAM ni kwamba inalinganisha anwani ya pakiti na mistari yake yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana ina kasi, na ndiyo maana pia inakula umeme, inatoa joto, ni ghali, na huwezi kwenda dukani kununua kipande ukakiongezea.

Tofauti ya kumbukumbu hizi mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Seva ya kawaida yenye gigabaiti 16 za RAM, ikiendesha BIRD au FRR, ambazo ni programu za bure za kuendesha BGP, inabeba majedwali mazima kadhaa na nafasi inabaki. Upande wa pili, swichi ya Catalyst 3750 ya kampuni ya Cisco, ambayo bado unaikuta kwenye rafu za ofisi nyingi na ambayo kwa haki kabisa inajua kuelekeza pakiti, inaishia kwenye njia zipatazo 11,000 hata ukiipanga kwa ajili ya kazi hiyo. Ongeza RAM unavyotaka, namba hiyo haitasogea.

Jedwali lenyewe sasa lina ukubwa gani? La IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, linacheza kwenye njia 1,000,000. Hesabu kamili inategemea unaangalia ukiwa wapi, kwa kuwa hakuna ruta mbili duniani zinazoiona intaneti sawasawa. La IPv6, mfumo mpya wenye anwani ndefu, limepita 200,000. Mitandao inayotangaza njia hizo inazidi 75,000. Mwaka 1994 jedwali zima lilikuwa na njia kama 20,000, na kufikia 2001 zilikuwa 100,000. Mwaka 2014 likagusa nusu milioni, na hapo ndipo lilipofundisha wengi tofauti ya RAM na TCAM kwa vitendo.

Kisa hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Cisco ilitoa Catalyst 6500 mwaka 1999, na kadi yake ya udhibiti iitwayo Supervisor 720 ikafuata mwaka 2003. Toleo kubwa la kadi hiyo, 3BXL, lilikuwa na nafasi 1,048,576 kwenye TCAM. Wauzaji walisema inabeba njia milioni moja, na hawakudanganya. Ila ilivyotoka kiwandani nafasi hizo zilikuwa zimeshagawanywa. Nusu, yaani 524,288, zilikuwa za IPv4. Nusu ya pili ilikuwa ya IPv6 na multikasti (trafiki inayotumwa kwa wapokeaji wengi kwa pamoja), na kwa kuwa anwani ya IPv6 ni ndefu, kila njia yake ilikula nafasi mbili, hivyo zikapatikana njia 262,144 tu. Wakati kadi hizo zinaingia sokoni hakuna aliyejali. IPv4 ilikuwa haijafika njia 200,000, na IPv6 ilikuwa na njia mia kadhaa.

Agosti 12, 2014, Verizon ya Marekani ilitangaza kwa bahati mbaya njia za ziada zipatazo 15,000, vipande vidogo vya anwani ambazo tayari ilikuwa inazitangaza kwa makundi makubwa. Zilidumu dakika chache tu. Jedwali la dunia likapanda hadi karibu 515,000. Ongeza hapo njia za ndani za kila kampuni yenyewe, na waliokuwa wamebakiza nafasi kiduchu wakavuka.

Kilichofuata hakikuwa kuzimika. Ruta ikizimika kazi ni rahisi: simu zinapigwa, fundi anakimbia, tatizo linajulikana liko wapi. Hizi ziliendelea kuwaka taa za kijani. Kwenye logi ulitokea ujumbe wa FIB TCAM exception, ukisema kwamba baadhi ya njia sasa zitashughulikiwa na programu. Maana yake pakiti zilizokosa mstari kwenye TCAM zilipelekwa kwa prosesa kuu, ambayo kazi yake ni kuendesha BGP na kujibu amri za fundi, siyo kubeba trafiki ya kampuni nzima. Prosesa ikapanda hadi asilimia mia. Ikashindwa kuwajibu majirani wa BGP kwa wakati, majirani wakaona imekufa, wakakata, wakarudi, wakaanza kumwaga jedwali upya kwenye prosesa ileile iliyokuwa imeshalemewa. Mtumiaji wa kawaida aliona tovuti hii inafunguka na ile haifunguki, bila mpangilio wowote unaoeleweka. eBay ilikuwa miongoni mwa waliotajwa siku hiyo, na Liquid Web, kampuni ya kuhifadhi tovuti huko Michigan, ikawaeleza wateja wake waziwazi kilichotokea.

Kinachoniudhi katika kisa hiki ni kwamba dawa ilikuwepo. Cisco ilikuwa imetoa tahadhari miezi kadhaa nyuma. Amri ilikuwa moja, mls cef maximum-routes, inayosogeza mpaka kati ya IPv4 na IPv6. Shida ni kwamba amri hiyo haianzi kufanya kazi mpaka kifaa kizimwe na kuwashwa upya. Sasa nani ataandika barua ya kuomba kuzima ruta kuu ya kampuni usiku wa Jumamosi, ili kuzuia jambo ambalo bado halijatokea? Wengi hawakuandika. Na waliofurika wakakuta kwamba hata jedwali likishuka tena, kifaa hakirudi sawa mpaka kiwashwe upya, kwa hiyo kuzima kukawa hakuna budi, tena mchana wa kazi.

Wengi walisogeza mpaka hadi 768K kwa IPv4, ikabaki nafasi ya njia 128K za IPv6. Mwaka 2019 IPv4 ikafika kwenye mstari huo mpya. Safari hiyo kelele zilipigwa mapema na madhara yakawa madogo. Mwaka 2021 IPv6 ikafika kwenye wa kwake. Leo hesabu haiendi popote uwekapo mpaka: njia 1,000,000 za IPv4, na njia 200,000 za IPv6 zinazokula nafasi mbilimbili, ni nafasi 1,400,000 kwenye chipu yenye 1,048,576. Kadi hizo bado zinauzwa mtumba, na kwenye tangazo bado zimeandikwa njia milioni moja.

RAM nayo hujaa, ila kwa sura nyingine. Ruta inakosa kipande cha kumbukumbu, BGP inaua mazungumzo na jirani mmoja ili ipumue, mazungumzo yanaanza tena, jedwali linaingia upya, kumbukumbu inajaa tena. Ukiangalia grafu unaona meno ya msumeno. Hapa kuna jambo moja dogo ninaloliona mara kwa mara kwenye mipangilio ya ofisi. Fundi ameambiwa ruta haina RAM ya kutosha, akaweka kichujio cha kukataa kila njia iliyo ndogo kuliko /20 (namba baada ya mkwaju ikikua, kundi la anwani linapungua). Idadi ya njia zinazotumika imeshuka vizuri. RAM haijashuka. Sababu iko mistari miwili juu ya kichujio chake, nayo ni soft-reconfiguration inbound, amri inayoiambia ruta ihifadhi nakala ya kila kilichotumwa na jirani kabla ya kuchujwa. Kichujio kimekataa njia laki kadhaa, na zote zimewekwa stoo. Tangu mwaka 2000 BGP ina utaratibu wa kumwomba jirani atume njia zake upya pale unapobadilisha kichujio, na ni nadra kukuta ruta inayofanya kazi leo isiyoujua, kwa hiyo nakala ile kwa wengi imebaki mazoea tu ya kunakili mipangilio ya zamani. Ukiifuta utashangaa.

Na kichujio chenyewe kina hatari ambayo haisemwi. Zaidi ya nusu ya njia za IPv4 ni /24, na nyingi kati yake hazina kundi kubwa linalotangazwa nyuma yake. Ukizikataa bila kuwa na njia ya difolti, yaani njia moja ya kupelekea chochote usichokijua, umejikatia sehemu ya dunia, na utajua siku mtu wa manunuzi atakapolalamika kwamba tovuti ya msambazaji wake haifunguki ofisini lakini kwenye simu yake inafunguka.

Basi turudi kwenye lile swali ambalo kikao hakikuuliza. Jedwali zima linampa msimamizi wa mtandao uwezo mmoja: kwa kila kona ya dunia, kuchagua kama pakiti itokee kwa mtoa huduma wa kwanza au wa pili. Sasa tazama BGP inavyochagua. Usipoielekeza, itahesabu njia inapita mitandao mingapi, na itachukua yenye mitandao michache. Haijui umbali. Haijui kama laini imejaa. Kwa ofisi yenye watoa huduma wawili wa mji mmoja, hesabu hizo mara nyingi zinalingana au kupishana kwa mmoja, na uamuzi wa mwisho unaangukia vigezo kama ni jirani yupi ana namba ndogo ya utambulisho. Umelipa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya kurusha shilingi.

BGP haijui mikongo ya baharini pia. Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba kuanzia Tanzania na Kenya hadi Malawi na Msumbiji. Aliyekuwa na watoa huduma wawili waliokodi uwezo kwenye mikongo hiyohiyo, jedwali halikuwa limemwambia chochote kabla. Njia kwenye jedwali inaonyesha majina ya mitandao, haionyeshi nyaya inazopitia. Swali la mkongo unaliuliza kwenye mkataba, kwa maandishi, na unataka jibu lenye majina ya mikongo.

Halafu angalia trafiki inakwenda wapi. Ofisi ya kawaida ya Dar es Salaam au Nairobi inapata sehemu kubwa ya baiti zake kutoka mitandao michache: Google, Meta, Microsoft, Cloudflare, Akamai. Nyingi kati ya hizo zinatoka kwenye kashe (maghala ya nakala) zilizowekwa hapahapa mjini, hazivuki hata bahari. Njia zilizobaki, laki kwa laki, zinakaa kwenye TCAM na nyingi hazitaguswa na pakiti hata moja. Anayetuma mzigo Kasulu kutoka Mbagala hahitaji kujua mitaa ya Kasulu. Anahitaji kujua basi linaloondoka Mbezi, mengine atajua konda.

Hili si wazo la watu wasio na fedha. Katikati ya muongo uliopita wahandisi wa Spotify walikuwa na mradi waliouita SDN Internet Router. Kampuni ile ingeweza kununua ruta yoyote iliyoitaka. Badala yake walichukua swichi zinazobeba makumi ya maelfu ya njia tu, wakapima trafiki yao, wakaingiza kwenye chipu zile njia zinazobeba trafiki nyingi, na zilizobaki wakaziachia difolti. Jedwali zima lilibaki kwenye RAM ya kawaida, pale ambapo kukaa hakugharimu kitu.

Kwa ofisi ya huku kwetu, mchanganyiko ninaoutetea ni huu: difolti kutoka kwa watoa huduma wote wawili, njia za kila mtoa huduma mwenyewe na za wateja wake, na njia za kituo cha kubadilishana intaneti kama ofisi imefikia kuunganishwa huko, iwe TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Nairobi. Hizo mbili za mwisho ndizo zenye faida ya kweli, kwa sababu zinazuia pakiti ya kutoka Posta kwenda Mikocheni isipelekwe Ulaya kwanza. Vituo hivi havikuja kwa urahisi: KIXP ilifunguliwa Novemba 2000, ikafungwa na mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ndani ya wiki chache baada ya Telkom Kenya kulalamika, na haikufunguka tena mpaka Februari 2002. Kutokuzitumia njia za pale wakati zipo, huku unabeba njia za mji usioujua, ni kichekesho.

Anayepinga ana hoja moja nzito, na ndiyo inayonifanya nisimcheke. Difolti inaweza kudanganya. Mtoa huduma akipoteza mkongo wake huku ruta yake ya mjini ikibaki hai, anaweza kuendelea kukutangazia difolti ilhali mbele yake hakuna kitu. Pakiti zako zitaingia shimoni, na laini ya pili iliyo nzima itakaa bure. Ungekuwa na jedwali zima kutoka kwake, ungeona njia zikifutwa kwa maelfu, na ruta yako ingehamia upande wa pili yenyewe.

Ni kweli tupu. Ila kutambua kwamba mtoa huduma amekatika hakuhitaji mashahidi milioni moja. Wachache wanatosha. Mwombe akutumie, pamoja na difolti, njia chache za mbali unazozichagua wewe. Kisha ifunge difolti ya upande wake kwa njia hizo, zikipotea zote nayo iondoke. Ruta nyingi za kampuni zinaweza kufanya hivi, na zilizoshindwa zinaweza kutuma pingi za kupima kila sekunde kadhaa.

Mtego uko kwenye kuchagua mashahidi. Wengi hukimbilia 8.8.8.0/24 ya Google au seva za mizizi za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), kwa kuwa ndizo wanazozikumbuka. Hizo ndizo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Zinatangazwa kutoka sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja, na nakala zake huwekwa karibu na watumiaji, nyingine kwenye vituo vya kubadilishana intaneti vya mikoa yetu. Mkongo unaweza kukatika na shahidi wako akaendelea kuapa kwamba kila kitu kiko sawa, kwa sababu yeye hakuhitaji mkongo kukufikia. Tumia njia za vyuo vikuu viwili au vitatu vya Ulaya na Asia, vinavyotangaza anwani zao kutoka mahali pamoja. Vyuo havihamihami. Na kabla ya kulala usingizi, jaribuni mara moja kwa kuzikataa njia hizo kwenye kichujio na kuona difolti ikihama.

Nani basi analihitaji jedwali zima? Mtoa huduma anayeuza intaneti kwa mitandao mingine, kwa sababu wateja wake nao wanaweza kumwomba jedwali, na kwa sababu juu yake hana wa kumtupia asichokijua. Kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti yenye watoa huduma wanne au watano wa nchi tofauti, ambako kuchagua kunabadilisha bili. Watafiti. Hawa wanunue chipu kubwa, na wasilie bei.

Kuna upande wa jambo hili ambao hakuna ofisi moja inayoweza kuurekebisha. Kutangaza njia moja zaidi hakumgharimu anayetangaza hata senti. Kuibeba kunawagharimu wote wenye jedwali zima, duniani kote, kila siku. Takriban nusu ya njia za IPv4 ni vipande vya makundi ambayo tayari yametangazwa yakiwa mazima. Mwaka 1993 CIDR ililetwa ili watu waweze kuunganisha anwani kwenye makundi makubwa, jedwali lisiwaue. Miaka minne baadaye, Aprili 25, 1997, ruta moja ya mtandao wenye namba AS7007 huko Marekani ikavikatakata upya vipande vya intaneti kuwa /24 kwa makosa na kuvimwaga kwa majirani, ruta zikaanguka zenyewe kwa zenyewe. Ila si kila anayekata vipande ni mzembe. Februari 2008 Pakistan Telecom ilipotangaza /24 iliyokuwa ndani ya /22 ya YouTube, dunia ikafuata kipande kidogo kama BGP inavyoagiza, na YouTube ikapotea kwa watu wengi. Ikajibu kwa kutangaza /24 yake yenyewe, halafu vipande vidogo zaidi. Tangu hapo wengi wanatangaza /24 mapema, kwa kujihami tu.

Afrika nayo inaongeza vyake, kwa sababu ambayo siilaumu. Tangu Januari 2020 AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, imekuwa ikitoa anwani za IPv4 kwa vipande vya kuanzia /24 hadi /22, kwa sababu hakuna kingine kilichobaki. Mtandao mpya wa Mwanza au Bukavu hauwezi kupata kundi kubwa ukalitangaza kwa mstari mmoja, hata ungetaka. Anayelitazama jedwali na kulaumu vipande vidogo hivi aanze kwanza na kampuni zenye makundi makubwa ya zamani zinazoyakata ili kusawazisha trafiki yao.

Oktoba 2006, jedwali likiwa na njia kama 200,000, Bodi ya Usanifu wa Intaneti iliitisha warsha Amsterdam kuhusu ukuaji huu. Fikra kadhaa zilitoka pale, LISP, mpango wa kutenganisha utambulisho wa kifaa na mahali kilipo, ikiwa mojawapo. Jedwali limekua mara tano tangu siku hiyo, na kilichotuvusha kwa kweli ni chipu kubwa zaidi, basi.

Kwa hiyo kama bado mmeamua kununua, nyaraka ya zabuni iombe namba ya njia zinazoingia kwenye chipu, IPv4 na IPv6 kwa pamoja, wakati mmoja, kwa mgawanyo wa kiwandani na kwa mgawanyo mtakaotumia. Karatasi ya maelezo hupenda kutoa moja moja, kila moja kana kwamba nyingine haipo. Iulize chipu ikijaa kinatokea nini, kwa sababu vifaa vingine vinapeleka pakiti kwa prosesa kama 6500, na vingine vinazitupa kimyakimya. Iulize jedwali likianza kuingia upya inachukua muda gani mpaka njia ya mwisho ifike kwenye chipu; kwenye prosesa dhaifu ni dakika, na katika dakika hizo kuna sehemu za dunia hazifikiki.

IPv6 msiihesabu kama nyongeza ndogo. Kundi moja la /32, ambalo ndilo mtoa huduma wa kawaida hupewa, lina /48 zipatazo 65,536. Mtandao mmoja ukizimwaga zote kwa kosa kama lile la Verizon, kwenye chipu ya aina ya 6500 zitakula nafasi 131,072. Kikomo cha idadi ya njia kwenye kila jirani, kikiwekwa juu kidogo ya idadi yake ya kawaida, kitamkata jirani huyo kabla chipu haijajaa. Kwa aliyebeba jedwali zima kutoka kwa wote wawili, mvujo kama huo unaweza kugonga vikomo vyote kwa pamoja na kumwacha bila laini. Mwenye difolti na njia chache hatumiwi hata moja ya hizo.